Panya, sungura na kaburi la mfalme: uchambuzi wa kisa cha kisiwa cha Canna

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kinahusu Canna, kisiwa kidogo kilichoko magharibi ya Uskoti, na mambo yaliyotokea huko kuanzia mwaka 2005, pale shirika la hifadhi linalokimiliki lilipoamua kuangamiza panya wote wa kahawia ili kuwanusuru ndege wa baharini. Majina ya watu walioshiriki, vyeo vyao na majina ya taasisi zao yameondolewa, kwa kuwa makusudio si kumsifu wala kumlaumu mtu, bali kuufuata mlolongo wa maamuzi na kuona kila uamuzi ulizaa nini. Jina la kisiwa limeachwa, kwa sababu kisa hakieleweki bila historia ya mahali penyewe.

Jambo moja la lugha linahitaji kuwekwa wazi mapema. Kiswahili humwita panya yule mkubwa anayetoboa magunia ghalani, na humwita panya vilevile yule mdogo anayeishi katika nyasi na vichaka. Katika kisa hiki wanyama hao wawili walipangiwa hatima zinazopingana kabisa: mmoja alitakiwa kuuawa hadi wa mwisho, na mwingine alitakiwa kuokolewa kwa gharama kubwa. Kwa hiyo yule mkubwa nitamwita panya wa kahawia, na yule mdogo, mwenye macho makubwa na mkia mrefu, ambaye jina lake la kisayansi ni Apodemus sylvaticus, nitamwita panya-pori.

Usuli: mahali na watu wake

Canna ni kisiwa cha magharibi kabisa katika kundi dogo la visiwa vya Hebrides ya Ndani. Kina urefu wa kilomita 7 hivi, upana wake haufiki kilomita 2, na kilele chake kina mita 210 juu ya usawa wa bahari. Daraja dogo hukiunganisha na kisiwa kingine kidogo zaidi kiitwacho Sanday. Wakazi ni wachache sana, familia za kuhesabika, na wanategemea ufugaji, wageni wa majira ya joto na meli inayokuja kutoka bara.

Mwaka 795 nyumba ya watawa ya Iona, kusini mwa hapo, ilishambuliwa na mabaharia wa Skandinavia ambao wengi wetu tunawajua kwa jina la Wavikingi, na ambao katika andiko hili nitawaita Wanorse. Walioanza kwa uporaji waliishia kuwa wakulima, wafugaji na wazazi wa watoto wa visiwani. Visiwa vya Hebrides waliviita Suðreyjar, yaani visiwa vya kusini, jina linalomshangaza msomaji wa Afrika Mashariki mpaka akumbuke kwamba kwao visiwa vya Orkney na Shetland vilikuwa kaskazini zaidi, na Norwei ilikuwa ng'ambo ya bahari. Visiwa hivyo vilihesabiwa kuwa chini ya taji la Norwei mpaka mwaka 1266. Miaka mitatu kabla ya hapo Mfalme Haakon wa Nne alikuwa amepigana na Waskoti huko Largs, katika pwani ya magharibi ya Uskoti, akafariki dunia Orkney majira ya baridi yaliyofuata, na mwanawe Magnus wa Sita akaviachia kwa Mfalme wa Uskoti kwa malipo ya maki 4,000 (maki ni kipimo cha fedha cha wakati huo) na maki 100 kila mwaka, kwa mkataba uliotiwa sahihi mjini Perth.

Utawala ulihama, lakini majina yalibaki. Sanday maana yake ni kisiwa cha mchanga. Rasi ya Langanes, katika pwani ya kaskazini ya Canna, ni rasi ndefu kwa lugha ya Wanorse. Juu ya rasi hiyo kuna mawe yaliyopangwa ardhini, ambayo wazungumzaji wa Kigaeli, lugha ya kale ya Uskoti, waliyaita Uaigh Rìgh Lochlainn, kaburi la mfalme wa Norwei. Katika sehemu nyingine za kisiwa kuna mabaki ya zamani zaidi, ukiwemo msalaba wa mawe uliochongwa kabla ya Wanorse kuweka makazi, pamoja na misingi ya nyumba, mitaro ya mashamba na vyumba vya chini ya ardhi. Mengi ya mabaki hayo hayana ukuta unaoonekana kwa mbali. Ni mawe machache na matuta ya udongo chini ya nyasi, na ushahidi wake wote umelala katika tabaka za udongo ambazo hazijachafuliwa.

Kuna urithi mwingine wa Wanorse ambao hauonekani kwenye ramani ya wanaakiolojia. Mwaka 1969 mtafiti R. J. Berry alilinganisha tofauti ndogo za mifupa ya panya-pori kutoka visiwa mbalimbali vya kaskazini, akaona kwamba wengi wa panya-pori wa Hebrides walikuwa karibu zaidi na wale wa Norwei kuliko na wale wa bara la Uskoti lililo jirani yao. Hitimisho lake lilikuwa kwamba waliletwa na meli za Wanorse, wakiwa wamejificha katika majani ya mifugo na akiba ya nafaka. Miaka arobaini baadaye uchunguzi wa vinasaba vya panya wadogo wa nyumbani ulionyesha njia ileile ya bahari, kutoka Norwei hadi Orkney, Shetland na Hebrides. Kwa maoni yangu hiki ni miongoni mwa vitu vizuri zaidi katika historia ya visiwa hivi. Mabaharia wale hawakuandika orodha ya abiria, lakini abiria wao wadogo waliibeba orodha hiyo mwilini.

Ndege nao wamo katika kumbukumbu hiyo. Katika kisiwa jirani cha Rum kuna mlima unaoitwa Trollaval, na inasimuliwa kwamba Wanorse waliupa jina la majini wa milimani kwa sababu ya sauti za kutisha zilizotoka ndani ya ardhi usiku. Sauti hizo ni za shiawota, ndege wa baharini mwenye uzito wa gramu 400 hivi, ambaye hutaga yai moja tu ndani ya shimo na huja nchi kavu gizani pekee kwa kuwaogopa ndege wakubwa. Shiawota huanza kuzaa akiwa na umri wa miaka mitano au sita, huvuka Atlantiki kila mwaka hadi pwani za Amerika Kusini, na baadhi yao wamejulikana kuishi zaidi ya miaka 50. Tabia hizi za maisha zitaeleza baadaye kwa nini matokeo yalichelewa.

Tatizo lilivyojitokeza

Panya wa kahawia hakuwa abiria wa Wanorse. Alifika Uingereza katika karne ya 18, akasambaa visiwani kwa meli za biashara na za uvuvi, na Canna ilimpa kila alichohitaji: ghala, kinyesi cha mifugo, mwani uliotupwa ufukoni, na maelfu ya mayai katika majira ya kuzaa.

Kundi la wajitoleaji lilianza kuwahesabu ndege wa Canna mwaka 1969, na kazi hiyo ya uvumilivu ndiyo iliyofanya tatizo lionekane. Katika miaka ya 1970 shiawota walikadiriwa kuwa zaidi ya jozi 1,000. Kufikia mwanzo wa karne hii walikuwa karibu kutoweka kabisa. Walioathirika zaidi walikuwa ndege wanaotaga mashimoni na katikati ya mawe ya chini, mahali ambapo panya hufika bila shida. Idadi ya panya wa kahawia ilikadiriwa kuwa 10,000.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuangamiza badala ya kupunguza. Kupunguza panya ni kazi isiyokwisha, kwa sababu jike mmoja huzaa mara kadhaa kwa mwaka, na mwaka mmoja wa kukosa fedha hurudisha kila kitu nyuma. Kuangamiza ni kazi ya mara moja, lakini haina nusu: akibaki jike mmoja mwenye mimba, fedha zote na jasho lote vimepotea.

Uamuzi wa pili ulihusu majira. Kazi ilipangwa kuanzia vuli hadi kipindi cha baridi, wakati ndege wengi wapo baharini, chakula cha porini kimepungua, na panya mwenye njaa hawezi kuchagua. Gharama ya uamuzi huo ililipwa na wafanyakazi, ambao walilazimika kutembea katika miteremko yenye utelezi wakati wa dhoruba na siku fupi za kaskazini.

Uamuzi wa tatu ulikuwa namna ya kuweka sumu. Kwingineko duniani, hasa katika visiwa visivyo na watu, chambo humwagwa kwa helikopta. Canna ina wakazi, ng'ombe, kondoo, na tai wa aina mbili. Kwa hiyo sumu, ambayo huzuia damu kuganda, iliwekwa ndani ya vibanda vidogo ambavyo panya huingia na mnyama mkubwa hawezi kuingia. Njia hii ni ya polepole na inahitaji watu wengi, lakini humwezesha msimamizi kujua kila kibanda kimeliwa kiasi gani na siku gani, na kwa hiyo kujua panya wa mwisho wamejificha wapi.

Uamuzi wa nne ndio unaonigusa zaidi. Kibanda anachoingia panya wa kahawia huingiwa pia na panya-pori, na sumu haimjui nani aliletwa na Wanorse na nani aliletwa na wafanyabiashara wa karne ya 18. Panya-pori zaidi ya 100 walikamatwa wakiwa hai kabla ya sumu kuwekwa, wakapelekwa kutunzwa na kuzaliana katika bustani mbili za wanyama huko bara, ili warudishwe kisiwa kitakapokuwa salama. Wapo waliouliza kwa nini kiumbe wa kawaida hivyo, ambaye jamaa zake wamejaa kila shamba la Uingereza, agharimiwe. Jibu ni kwamba panya-pori wa Canna wamekaa peke yao muda mrefu, wamekuwa na sura yao, na historia wanayoibeba haiwezi kununuliwa kwa kuleta wengine kutoka bara.

Utekelezaji

Kazi iliongozwa na wataalamu waliokuwa na uzoefu kutoka Nyuzilandi, nchi iliyotangulia katika kusafisha visiwa. Vibanda zaidi ya 4,000 viliwekwa katika Canna na Sanday kwa mpangilio wa miraba, umbali wa mita 50 hivi kutoka kimoja hadi kingine, ili pasiwe na panya ambaye eneo lake la kutembea halina kibanda. Kwenye majabali watu walishuka kwa kamba. Ulaji wa chambo ulikuwa mkubwa wiki za mwanzo, ukashuka, kisha dalili za panya zikakoma mapema mwaka 2006.

Hapo ndipo ilipoanza sehemu ambayo miradi mingi hushawishika kuifupisha. Kisiwa kilichunguzwa kwa muda wa miaka miwili zaidi, kwa vipande vya nta, sabuni na mishumaa ambavyo panya hupenda kutafuna na kuacha alama za meno. Mwaka 2008, baada ya kukosekana alama hata moja, Canna ilitangazwa kuwa haina panya wa kahawia.

Matokeo ya kwanza

Panya-pori walirudishwa na wakazaliana haraka. Shiawota walianza tena kulea makinda, ingawa kwa idadi ndogo, na pafini, ndege mwenye mdomo wa rangi nyingi ambaye naye hutaga shimoni, waliongezeka. Ndege wengine hawakupona. Baadhi ya aina ziliendelea kupungua kama zilivyokuwa zikipungua kwingineko Uskoti, kwa sababu zinazohusu chakula baharini, na hapo kuondoa panya hakukuwa na la kusaidia.

Jambo ambalo halikutarajiwa kwa uzito wake

Sungura walikuwepo Canna kabla ya mradi. Wao pia ni wageni: Wanorse hawakuwajua visiwani, kwani waliosambaza sungura Uingereza ni Wanormani wa karne ya 12, ambao kwa asili walikuwa wajukuu wa Wanorse waliohamia Ufaransa. Panya wa kahawia alikuwa akiingia katika mashimo ya sungura na kula vitoto vyao. Alipoondoka, kizuizi hicho kisichoonekana kiliondoka naye. Ndani ya miaka michache sungura waliongezeka mpaka, kufikia mwaka 2013, makadirio yaliyotangazwa yalitaja 16,000.

Madhara yalianza katika bustani za mboga na malisho, mahali ambapo wakazi waliyaona kila asubuhi. Kisha mteremko uliodhoofishwa na mashimo uliporomoka na kuziba barabara, jambo zito katika kisiwa chenye barabara moja. Lakini hasara isiyorekebishika ilikuwa katika mabaki ya kale. Sungura hupenda udongo mkavu, laini na ulioinuka, na hiyo ndiyo hasa sifa ya tuta la kaburi, ukuta uliofukiwa na misingi ya nyumba ya kale. Anapochimba hutoa nje kipande cha mfupa au mkaa kilichokuwa katika tabaka la miaka elfu moja na kukichanganya na udongo wa juzi. Kipande hicho mtu anaweza kukiokota na kukiweka kabatini, lakini mahali kilipokuwa, ambapo ndipo palipokuwa na maana yake, hapapo tena.

Wawindaji waliitwa kutoka bara kuwapunguza. Msomaji aangalie mzunguko ulivyokamilika: kisiwa kilichochagua kuangamiza mara moja ili kiepuke kazi ya kupunguza kila mwaka, kilijikuta na kazi ya kupunguza mnyama mwingine.

Uchambuzi: yaliyofaulu

Hesabu za tangu mwaka 1969 zilikuwa msingi wa kila kitu. Bila hizo hakuna ambaye angeweza kusema shiawota walikuwa wangapi, wala kuonyesha baadaye kwamba kupungua kwa ndege wengine hakukutokana na panya. Watu waliopanda majabali kuhesabu miaka thelathini na zaidi hawakujua kwamba takwimu zao zingetumika hivyo, na bado walizitunza kwa uaminifu.

Kuchagua vibanda badala ya helikopta kulikuwa sahihi kwa mahali penye watu na tai, na miaka miwili ya uchunguzi ilikuwa ya lazima. Tangazo la kuwa kisiwa ni safi lina thamani tu ikiwa limecheleweshwa vya kutosha.

Kumtoa panya-pori kisiwani kabla ya sumu kulionyesha fikra pana. Mradi ulianzishwa kwa ajili ya ndege, na ungeweza kujitetea kwamba panya-pori si jukumu lake. Badala yake walioupanga walijiuliza nani mwingine anakula kwenye kibanda hiki, wakalijibu swali hilo kwa vitendo.

Uchambuzi: yaliyopungua

Swali hilohilo, nani mwingine, liliulizwa kwa sumu lakini halikuulizwa kwa nguvu ileile kuhusu siku baada ya sumu. Panya wa kahawia alikuwa mharibifu, na pia alikuwa mwindaji. Kila anayemwondoa mwindaji mahali anapaswa kuandika orodha ya wale waliokuwa wakiwindwa, si wale tu anaotaka waongezeke. Katika orodha hiyo sungura angekuwa wa kwanza, kwa sababu alikuwa anaonekana, anazaa haraka na alikuwa na historia ya kuharibu katika visiwa vingine. Udhibiti wenye nguvu ulikuja idadi ikiwa imefika maelfu, wakati ambapo kila mwezi wa kuchelewa ulimaanisha mashimo mapya.

Sababu ya ndani zaidi, naiona hivi, ni kugawanya urithi wa kisiwa katika mafungu mawili: viumbe hai upande mmoja, mawe na makaburi upande mwingine, kila fungu na wataalamu wake, bajeti yake na ripoti yake. Mgawanyo huo una manufaa ofisini, lakini haupo ardhini. Panya-pori ni urithi wa Wanorse ingawa anapumua. Kaburi la Langanes ni makazi ya wanyama ingawa ni jiwe. Mpango wa kuondoa panya ulipaswa kuwa na mwanaakiolojia mezani tangu siku ya kwanza, mwenye kazi ya kupiga picha na kupima hali ya kila tuta kabla ya sumu kuwekwa na kurudi kulipima kila mwaka, kama ndege walivyokuwa wakihesabiwa. Kipimo cha namna hiyo kingeonyesha mashimo yanaongezeka kabla mteremko haujaporomoka.

Upungufu mwingine uko katika muda wa matarajio. Shiawota anayetaga yai moja na kusubiri miaka mitano kabla ya kuzaa hawezi kurudi kwa kasi ya sungura. Waliofadhili mradi walihitaji matokeo ndani ya miaka michache, na katika miaka hiyo waliojaza kisiwa walikuwa sungura.

Ipo hali moja inayofanya swali la sungura liwe gumu kuliko linavyoonekana, na ambayo mtu anayetaka kutumia kisa hiki kwingine asiiruke. Shiawota na pafini hutumia mashimo ya zamani ya sungura. Shimo linaloharibu kaburi katika rasi moja ndilo linalompa ndege nyumba katika mteremko wa pili. Kwa hiyo amri moja ya kuwaangamiza sungura wote, hata ingewezekana, isingekuwa marudio ya kazi iliyofanywa kwa panya wa kahawia. Uamuzi unapaswa kufanywa mahali kwa mahali: Langanes na penye misingi ya nyumba za kale, sungura waondolewe na udongo ufuatiliwe kila msimu; katika miteremko isiyo na mabaki inayotazama bahari, mashimo yaachwe wazi, kwa ajili ya ndege wanaorudi usiku kutoka Amerika Kusini.